Zamu ya Nyumba ya Mvuvi

Siku hizi mtu anavuka Mto Kilombero kwa pikipiki bila hata kupunguza mwendo. Daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 limeunganisha Ifakara na Ulanga, na mimi ni mmoja wa walioshukuru. Aliyewahi kulala ng'ambo na mgonjwa akisubiri pantoni, au anayekumbuka kivuko kilivyozama Januari 2016, hawezi kusikitika kwamba zamani imepita. Lakini vijana wanaopita darajani hawajui Kivukoni, kijiji chetu cha hapo pantoni, kilikuwa cha namna gani wakati ule, na jambo ninalotaka kulieleza lilitokea pale kwa sababu pale palikuwa vile.

Wenyeji walikuwa Wandamba, wavuvi wa mto huu tangu enzi. Juu yao wakaongezeka watu waliokuja kuvuka wakabaki: wachuuzi wa samaki, mama lishe, wapakiaji wa mizigo, vibarua waliokosa kazi baada ya reli ya TAZARA kukamilika, waliokimbia madeni, waliokimbia ndoa. Hakuna aliyeuliza mwenzake ametoka wapi. Mwenye mtumbwi na upondo alikula, na mwenye sufuria na kuni alikula. Kanisa la kijiji kama hicho ni lazima liwe la watu wenye doa, maana wengine hawapo.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango. Wakati huo tulikuwa chini ya Jimbo la Mahenge, kwani Jimbo la Ifakara lilizaliwa mwaka 2012. Padri alifika mara moja kwa mwezi, na masika maji yakijaa bondeni hakufika kabisa. Dominika nyingine baba aliongoza ibada, akasoma Injili, akahubiri kidogo, tukaimba, tukatawanyika bila komunyo. Kilichotushikilia kama Wakristo kilikuwa jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wameamua mwaka 1976 kwamba Kanisa lijengwe humo, katika nyumba za watu, na uamuzi ule haukukawia kutufikia. Tulikutana kila wiki kabla jua halijazama, kwa sababu miaka ile baada ya vita vya Kagera mafuta ya taa yalikuwa adimu kama sukari na sabuni.

Tulikwenda kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Mwenyekiti alikuwa na daftari la majina. Ikifika zamu yako unafagia ua, unatandika mikeka, watu wanakuja kusali kwako, na msalaba wa jumuiya unabaki nyumbani mwako hadi wiki inayofuata. Kwa watu ambao padri walimwona mara moja kwa mwezi, msalaba kulala nyumbani lilikuwa jambo kubwa. Nimeona mama mmoja akikesha wiki nzima na kibatari kilichokaribia kukauka ili msalaba usikae gizani.

Kulikuwa na nyumba moja ambayo haikuwa kwenye daftari. Ilikuwa ya mvuvi mmoja, mtu mzima, hodari wa mto kuliko wote. Alifunga ndoa kanisani Ifakara akiwa kijana. Baadaye, watoto wakiwa wamekua, akamchukua mama lishe mmoja wa pale kivukoni, akamjengea chumba katika ua uleule wa mke wake wa kwanza. Sitampamba. Hakurithi mjane wa ndugu yake, wala mkewe hakuwa tasa. Alitamani, akachukua, na mkewe akaumia mbele ya macho ya kijiji kizima. Kwa sheria ya Kanisa akawa amejizuilia sakramenti, naye alilijua hilo, hakulalamika. Dominika alikuja akasimama nje chini ya mwembe, ibada ikiisha anaondoka wa kwanza. Zaka alitoa. Padri alipofika, samaki wa kumpikia, kitoga mkubwa au kambale, alitoka kwake.

Hapo ndipo palikuwa na jambo lililonisumbua tangu nikiwa msichana. Samaki wake tuliwala, nyumbani kwake hatukuingia. Na kwa kuwa hatukuingia kwake, hatukuingia kwa mke wake wa kwanza pia, mama asiye na kosa lolote, aliyepokea komunyo kila padri alipokuja. Kila wiki alitembea kwenda kusali kwenye nyumba za wengine. Kwake hakuna aliyekwenda. Aliumizwa na mumewe, kisha jumuiya ikamwongezea.

Aliyelifungua jambo hili alikuwa mzee ambaye hakuna aliyemtarajia. Alikuwa ametoka Nazareti. Watu wa bonde hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme kwamba Nazareti ya Ifakara ndipo walipotunzwa wagonjwa wa ukoma waliotoka kila upande wa Kilombero na Ulanga. Masista waliwaosha vidonda, wakawapa dawa, wakawafundisha kukagua nyayo zao kila jioni, kwa sababu mguu usiosikia maumivu unaweza kukanyaga kaa la moto na mwenyewe asijue. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa vidonge vya dapsone tu, vilivyomezwa mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa za mchanganyiko, rifampicin na clofazimine pamoja na ile ya zamani, na ugonjwa uliokuwa wa maisha ukawa wa kupona. Mtu akianza dawa hizo, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Muuguzi alikuja kijijini akatueleza hayo yote vizuri. Tulimsikiliza, tukaitikia, kisha tukaendelea kumwekea yule mzee kikombe chake peke yake.

Alikuwa mlinzi wa mitumbwi usiku. Vidole vya mikono vilikuwa vimejikunja, vya miguu vimepungua, na alitembea na makatambuga ya matairi yaliyokatwa kwa umbo la miguu yake. Kusoma hakujua, lakini Biblia aliijua kwa masikio. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mefibosheti, mjukuu wa mfalme Sauli aliyelemaa miguu yote miwili, ambaye Daudi alimwita kutoka alikojificha akamweka kwenye meza yake siku zote. Aliisimulia kama habari ya jirani yake. Alipenda kutukumbusha kwamba Mefibosheti hakuponywa. Alikaa mezani kwa mfalme na miguu yake vilevile, na hakuna mtumishi aliyeruhusiwa kumwondoa.

Baba ndiye aliyeanza kunywa naye kikombe kimoja. Alifanya hivyo nyumbani kwetu, mbele ya mwenyekiti na wazee wengine wawili, bila kusema neno. Mama aliukaza uso, akawamiminia togwa wote. Nadhani kikombe kile ndicho kilichompa yule mzee ujasiri wa kusema aliyoyasema baadaye.

Ilikuwa mwaka 1983, kiangazi. Mwenyekiti alikuwa anasoma zamu za mwezi. Yule mzee akanyoosha mkono wake uliojikunja.

"Mwenyekiti, mbona unaruka?"

"Naruka wapi, mzee?"

"Kati ya nyumba ya mshona nyavu na nyumba yangu kuna ua mmoja. Wewe unaruka kama huuoni."

Kila mtu alijua anasema ua gani. Mke wa kwanza wa mvuvi alikuwepo, akainamisha kichwa. Mvuvi mwenyewe hakuwepo, hakuwahi kuja jumuiya.

Mabishano yaliyofuata sijayasahau, na sitaki mtu adhani waliopinga walikuwa na roho mbaya. Mama mmoja, mjane aliyelea watoto wake kwa jembe, alisimama akasema, "Mimi nina mabinti. Msalaba ukilala katika ua wa wake wawili, mabinti zangu watajua nini? Watasema ndoa ya kanisani na ya jikoni ni sawa tu. Mwanamume gani atafunga ndoa tena hapa?" Alisema kwa uchungu wa kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kukataa kuwa mke wa pili wa mtu mwenye mali, akachagua njaa. Maneno yake yalikuwa na uzito, na hadi leo nayaona yana uzito.

Baba alifungua Injili ya Luka sura ya 19. Hakuhubiri. Aliuliza swali moja tu: Zakayo alianza kurudisha mali za watu kabla Yesu hajasema ataingia nyumbani mwake, au baada? Tukanyamaza. Baba akasoma mara ya pili, polepole. Yesu alimwita ashuke mtini, akasema anakwenda kukaa kwake, watu wakanung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi, na ndipo Zakayo akasimama na kutaja nusu ya mali yake kwa maskini. Hakuna mahali alipopewa sharti akiwa bado mtini.

Yule mzee wa Nazareti akadakia na habari ya mkoma wa Injili ya Marko. "Alimgusa kwanza," alisema. "Angeweza kumponya kwa neno akiwa amesimama mbali. Angeweza kumwambia nenda ukaoge, nenda ukaonyeshe makuhani, kisha uje nikuguse. Alimgusa akiwa na vidonda vyake. Mimi masista walinishika mguu unanuka. Kama wangesubiri unukie, ningekuwa nimekufa."

Mjane akajibu, "Ugonjwa si dhambi, mzee. Wewe hukuchagua." Mzee akamwambia, "Kweli, mama. Lakini nilipokuwa mgonjwa mlinifanya kama niliyechagua. Sasa yule aliyechagua mnamfanya kama asiyeweza kupona."

Hatukuafikiana. Tukakubaliana kumsubiri paroko. Alikuwa Mkapusini aliyezeekea bondeni, mmoja wa wale waliofuata njia ya Wakapusini wa Uswisi walioingia nchini mwaka 1921. Alisikiliza pande zote akiwa ameketi kwenye kigoda, akasema kwamba komunyo ina utaratibu wake, na mvuvi anaujua, wala yeye hana ruhusa ya kuubadilisha. Lakini sala ya jumuiya si komunyo. Hakuna sheria inayokataza kusali katika nyumba ya mwenye dhambi. "Na kama mnatafuta nyumba ya asiye na dhambi," alisema, "jumuiya hii itasali wapi? Msije kwangu pia."

Ndivyo jina la mvuvi lilivyoingia kwenye daftari.

Siku ya zamu yake mke wa kwanza aliamka alfajiri. Alikuwa amekwisha kandika ukuta upya kwa udongo mweupe. Alifagia ua mara mbili, akaazima mikeka kwetu. Mvuvi alivaa kanzu ya Dominika, akasimama langoni mwa ua wake akiamkia kila aliyeingia, hata watoto. Yule mjane hakuja. Wengine wachache hawakuja. Lakini ua ulijaa.

Mke wa pili hakuonekana. Alikuwa jikoni, moshi unafuka, hajui kama naye anahesabiwa kati ya wenyeji au kati ya aibu zao. Hakubatizwa. Tulikuwa tayari kuanza rozari pale yule mzee alipouliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mama mwingine yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mvuvi aliangalia chini. Mke wa kwanza ndiye aliyeinuka. Alikwenda jikoni, akakaa huko muda ambao sisi tuliuona mrefu, akarudi amemshika mwenzake mkono, akamketisha kwenye mkeka wake mwenyewe. Sijui walisemezana nini. Nilimwona mama yangu akifuta macho, naye hakuwa mtu wa machozi. Kusameheana kwao hakukumalizika jioni ile, maana najua waligombana tena mara nyingi baada ya hapo. Lakini mke aliyekosewa ndiye aliyemleta ndani yule aliyemkosea, na hakuna padri aliyemwamuru.

Wakati wa maombi ya kila mtu, mvuvi alikaa kimya. Mwisho akasema tu, "Asanteni kwa kufika kwangu." Kisha tukaletewa wali na kitoga kwenye sinia. Mzee wa Nazareti alitia mkono wake, mvuvi akatia wake, na sisi tuliobaki tukafuata.

Ningependa kuwaambia wanaosoma kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka, lakini hayakunyooka. Mwaka ulipita, na mwingine. Mvuvi aliendelea kuwa na wake wawili. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alikuja jumuiya, na ibadani aliacha mwembe akaingia kukaa kwenye benchi la nyuma. Komunyo hakupokea, wala hakuna aliyemdanganya kwamba anaruhusiwa. Waliopinga walisema, "Mnaona? Amepata sala na wake wawili vilevile." Baba aliambiwa hivyo mara nyingi, naye alikuwa na jibu moja: tumemwalika mgonjwa aingie, hatukumpangia siku ya kupona.

Aliyebadilika kwanza alikuwa mke wa pili. Alianza kuja kwa baba kupata mafundisho ya ukatekumeni, pamoja na vijana wa umri wa watoto wake. Alichukua miaka. Alipofika mahali pa kuelezwa ndoa, baba hakumsukuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita mvuvi na mke mwenzake mbele ya wazee akasema, "Nitakuwa mama wa watoto wetu. Mkeo sitakuwa tena." Mvuvi alilia kama mtu aliyefiwa. Paroko aliposikia, jambo lake la kwanza halikuwa furaha. Aliuliza mama huyu atakula nini. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983, inapozungumzia mwanamume mwenye wake wengi anayeingia Ukristo, inataka wale anaoachana nao watunzwe kwa haki. Kesi yetu ilikuwa tofauti, lakini paroko alisema haki ni ileile. Mvuvi akamjengea nyumba mbali na ua, akampa shamba la mpunga lenye rutuba, na samaki wake hawakukoma kufika mlangoni pake.

Mama yule alibatizwa Mkesha wa Pasaka. Kabla ya Pasaka hiyohiyo mvuvi aliungama, na asubuhi ya sikukuu alipokea komunyo, amesimama kwenye mstari nyuma ya mke aliyefunga naye ndoa ujanani. Kwa hiyo mwanamke ambaye tulimwona ndiye doa la ua ule ndiye aliyefungua njia ambayo mwenye ua alishindwa kuifungua kwa miaka yote.

Nimeyafikiri haya kwa muda mrefu, tena zaidi Papa Fransisko alipotangaza Mwaka wa Huruma ulioanza Desemba 2015, nikasikia watu wakibishana kama vile baba na yule mjane walivyobishana. Wapo wanaodhani neema ni kulegeza. Mimi nilichokiona hakikulegeza kitu. Hakuna aliyeambiwa kuoa wawili ni sawa. Gharama ililipwa, na waliolipa zaidi walikuwa wanawake wawili, jambo ambalo wahubiri wetu hawalisemi vya kutosha. Ila masharti hayakuwekwa mlangoni. Mtu alikaribishwa kwanza, na toba ikamkuta ndani, kati ya watu waliokula naye. Kama tungesubiri atengeneze mambo yake ndipo tuingie kwake, angekufa chini ya mwembe wake, na mama wa jikoni asingejua kwamba Mungu anamhitaji.

Yule mjane hakukubali kamwe. Hadi anazeeka alisema tulikosea. Zamu yake ilipofika tulikwenda, tukasali kwake, mvuvi akiwemo, naye akatuandalia. Hakumfukuza, na jumuiya haikumruka yeye kwa sababu ya msimamo wake. Hilo nalo nalihesabu.

Mzee wa Nazareti alifariki kabla mvuvi hajarudi kwenye sakramenti, kwa hiyo mwisho wa jambo alilolianza hakuuona. Mvuvi alimchongea msalaba wa kaburi. Mvuvi mwenyewe alizikwa na Misa, mke wake na yule aliyekuwa mke wa pili wakiwa mbele.

Sasa Kivukoni imekuwa ya bodaboda na malori, jumuiya zimeongezeka, na daftari la zamu lipo bado, ingawa siku hizi wengine wanatangaza kwenye simu. Ninyi wenyeviti na makatibu, lifungueni. Angalieni ni ua gani mnauruka: wa binti aliyezalia nyumbani, wa mlevi, wa aliyeachika, wa wanaoishi bila ndoa. Wiki ijayo, pelekeni mikeka huko.